Saa ya Kufunga Baa: Namna ya Kuisoma Amri Kabla ya Kuipigia Makofi au Kelele

Nilishika funguo za baa kwa miaka 11. Nikisema funguo nina maana ya funguo zenyewe: wa shata la mbele, wa stoo, wa friji la bia, na ule mdogo wa sanduku la umeme, ambako muziki huzimwa mtu akikataa kuuzima kwa maneno. Siku amri ya kufunga saa 6 usiku ilipotufikia, ilikuwa karatasi moja, na aliyeileta aliibandika kwa gundi juu ya orodha yetu ya vinywaji. Niliisoma nimesimama. Nikaona "saa 6 usiku", nikaona muhuri, nikaenda zangu kuwaambia wahudumu.

Wiki ya kwanza tulitii, au ndivyo nilivyodhani. Saa 6 kasoro dakika 5 tunauza bia ya mwisho, saa 6 kamili tunafunga kaunta, na wateja wanamalizia glasi zao polepole. Ijumaa wakaja wakaguzi saa 6 na dakika 20. Wakakuta watu 14 wamekaa. Leseni ikasimamishwa mwezi mzima. Nikajitetea kwamba hatujauza hata tone baada ya saa 6, na kweli hatukuuza. Mkaguzi akaweka kidole kwenye mstari wa tatu wa karatasi ile ile: "eneo liwe tupu." Nilikuwa nimesoma saa. Sikusoma kitenzi.

Siku hizi wenye baa hunitumia amri zao niwasomee, na mara mbili nimesaidia wakazi waliotaka baa ya jirani ifungwe mapema, kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za meza. Haya ndiyo ninayofanya karatasi ikinifikia.

Anza na kitenzi

"Kufunga" si kitendo kimoja. Ndani yake mnaweza kuwa na saa nne tofauti: saa ya mwisho ya kumruhusu mtu mpya aingie, saa ya mwisho ya kuuza, saa ya kuzima muziki, na saa ya mlango kubaki bila mtu ndani. Amri nzuri huzitaja zote. Amri mbaya husema "mwisho saa 6" na kumwachia askari wa zamu atafsiri, na tafsiri ya askari wa zamu hubadilika kulingana na zamu.

Mfano wa amri iliyozitenganisha ni ule wa Sydney, Australia, ulioanza Februari 2014. Katikati ya jiji na mtaa wa Kings Cross, ikifika saa 7:30 usiku hakukuwa na mtu mpya wa kuingia, ila walio ndani waliendelea kunywa. Saa 9 kinywaji cha mwisho. Maduka ya pombe ya kubeba, nayo, mwisho saa 4 usiku. Unaweza kuipenda au kuichukia, lakini mlinzi wa mlangoni alijua kazi yake.

Mfano wa zilizochanganywa ni Uingereza wakati wa Uviko. Tarehe 24 Septemba 2020 baa na mikahawa ya England iliamriwa ifunge saa 4 usiku, na kufunga maana yake watu wawe wametoka. Matokeo yake yaliweza kutabiriwa na mhudumu yeyote: watu wote wa mji wakamwagwa barabarani dakika moja, wakasongamana vituoni, katika msimu ambao shabaha nzima ilikuwa wasisongamane. Desemba 2 kanuni ikabadilishwa: kuagiza mwisho saa 4, kufunga saa 5. Saa moja tu ya kumalizia glasi, na ilichukua zaidi ya miezi miwili kuipata.

Kwa hiyo chora mstari kwenye karatasi, weka saa hizo nne, na kila ambayo amri haikuitaja weka alama ya kuuliza. Alama hizo ndizo maswali ya kwanza utakayoandika kwa ofisi ya leseni. Andika, usipige simu. Jibu la simu halibandikwi ukutani.

Halafu angalia siku. Leseni ikisema "Ijumaa hadi saa 8 usiku", ni saa 8 ya usiku upi? Sisi tuna bahati, lugha yetu imeshamaliza mzozo huu: tunasema usiku wa kuamkia Jumamosi, na hakuna anayepotea. Lakini fomu nyingi huandikwa kwa kalenda inayobadilisha siku saa 6 usiku, na hapo saa 8 "ya Ijumaa" inaweza kuwa ile iliyopita, ya kuamkia Ijumaa. Nimeona baa ikiandikiwa faini kwa hilo. Omba maneno "kuamkia" yaandikwe ndani ya leseni, hata kama karani atakutazama vibaya.

Msamaha kwanza, katazo baadaye

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, na hapa ndipo siasa ilipo. Katazo huandikwa kwa ajili ya magazeti. Msamaha huandikwa kwa ajili ya mtu fulani.

Rudi Sydney. Ramani ya eneo la amri ya 2014 ilichorwa kwa mistari iliyo wazi, na kasino kubwa ya jiji, iliyoko Pyrmont, ng'ambo tu ya katikati ya jiji, ikaangukia nje. Barangaroo, ambako kasino ya pili ilikuwa njiani kujengwa, nako pia nje. Serikali ilikuwa na maelezo yake. Lakini mwenye klabu ya watu 200 aliyelazimika kufunga mlango saa 7:30, huku akijua mteja wake akitembea kidogo atakunywa hadi alfajiri kando ya mashine za kamari, alijua pia nani alisikilizwa na nani hakusikilizwa. Kampeni ya kuipinga amri hiyo, Keep Sydney Open, ilipata watu wa kuandamana kwa sababu ya ramani kama ilivyowapata kwa sababu ya saa.

Basi chukua ramani. Kama amri haina ramani, ichore wewe kutokana na majina ya mitaa. Jiulize: hoteli zimo? Kasino? Vilabu vya wanachama? Kumbi za uwanja wa ndege? Baa za ndani ya kambi? Mara nyingi utakuta saa imebana pale wanapokunywa watu wa mshahara mdogo, na imelegea pale wanapokunywa waliokaa kwenye kikao cha kuiandika. Si kila msamaha ni hila. Msafiri aliyeshuka ndegeni saa 8 usiku anahitaji mahali pa kula. Ninachotaka ni sababu ya msamaha iwe imeandikwa, halafu niulize kama sababu hiyo hiyo hainihusu na mimi.

Na angalia viwanja. Nenda ofisi ya mipango miji uulize ni maombi gani ya kujenga nyumba za ghorofa yamewasilishwa kwenye mtaa husika ndani ya miaka 3. Sisemi kila amri imeandikwa na mjenzi. Nasema mara moja nilikuta maombi 4 kwenye barabara yenye baa 6, na kuanzia siku hiyo mazungumzo yetu na ofisi yakawa mafupi na ya heshima zaidi.

Kwa nini sasa?

Saa za kufunga hazibadiliki kwa sababu mtu ameamka asubuhi na wazo. Kuna kifo, kuna vita, kuna ugonjwa, au kuna uchaguzi.

Sydney ilikuwa vifo: vijana wawili, mmoja 2012 na mwingine aliyepigwa mkesha wa mwaka mpya wa 2014, wote kwa ngumi moja ya kichwa. Huzuni ilikuwa ya kweli. Ila ujue, aliyepigwa mwaka 2012 alishambuliwa kama saa 4 usiku, saa ambayo amri iliyofuata haikuigusa mlangoni mwa baa. Tukio na dawa havikulingana saa, na hakuna mwanasiasa aliyetaka kuwa mtu wa kulisema hilo mbele ya wazazi. Ukiwa upande wa kupinga, usilifanye tukio kuwa dogo hata chembe. Anza nalo, litaje kwa heshima, kisha uliza kama amri ingelizuia.

Vita vina tabia yake nyingine: huleta amri ya muda, kisha vinaondoka na kuiacha. Mwaka 1915 David Lloyd George, waziri wa Uingereza, aliwaambia Waingereza kwamba pombe ni adui mkubwa kuliko Ujerumani. Viwanda vya silaha vilihitaji mafundi wasio na hangover (sina neno bora, "mning'inio" haujawahi kunikaa mdomoni). Saa za baa zikakatwa, pamoja na kufunga mchana. Vita viliisha 1918. Baa za England ziliendelea kufunga mchana hadi 1988. New Zealand ilileta kufunga saa 12 jioni mwaka 1917 kama hatua ya wakati wa vita, ikaondolewa 1967. Miaka 50! Majimbo kadhaa ya Australia yalikuwa yameanza 1916, na Tasmania ndiyo iliyolegeza mapema, mwaka 1937; New South Wales ikalegeza 1955. Mtu anatoka kazini saa 11, baa inafungwa saa 12: fikiria kaunta ilivyokuwa kwa ile saa moja. Wanaume walisimama begani kwa begani wakimeza haraka kuliko walivyoweza kubeba, na baa ziliondoa viti na kuweka vigae ukutani ili zioshwe kwa mpira wa maji. Mimi niliyewahi kudeki ukumbi saa 9 usiku naielewa hesabu ya vigae.

Kwa hiyo swali la kuuliza kila amri, hata ile unayoiunga mkono: inaisha lini? Kama hakuna tarehe, omba tarehe. Omba tarehe hata kabla ya kuomba saa.

Na usisahau kwamba kufungua nako kuna siasa. Korea Kusini ilikuwa na marufuku ya kutembea usiku wa manane tangu 1945. Iliondolewa Januari 1982 na serikali ya kijeshi ya Chun Doo-hwan, miezi michache baada ya Seoul kupewa Olimpiki ya 1988. Serikali ile haikuwa imeupenda uhuru kwa ghafla. Berlin Magharibi ilifuta saa ya kufunga mwaka 1949, wakati sekta za Mashariki na Magharibi zikishindana kuwavuta wanywaji. Husimuliwa kwamba mwenye hoteli Heinz Zellermayer alimshawishi kamanda wa Kimarekani akiwa na chupa ya wiski mkononi. Thailand iliongeza hadi saa 10 alfajiri kwa maeneo kama Bangkok na Phuket mnamo Desemba 2023, ikitafuta watalii. Anayekuongezea saa naye ana kitu anachokitaka. Kijue.

Japani ni kisa ninachokipenda kwa uchekeshaji wake. Sheria ya 1948 ilihesabu kucheza dansi kama biashara ya kudhibitiwa, kwa hiyo klabu ya kucheza ilitakiwa kufunga saa 6 usiku au saa 7. Kwa miaka mingi polisi hawakuihangaikia sana, kisha miaka ya 2010 wakaanza misako, na klabu zikabandika matangazo ukutani: hapa hakuna kucheza. Muziki unapiga, watu wamesimama kama wako benki. Marekebisho yalipitishwa 2015 na kuanza 2016: mnaweza kucheza usiku kucha, mradi mwanga usishuke chini ya kiwango kilichowekwa, 10 kwa kipimo cha lux. Somo la kazi hapa: sheria iliyolala si sheria iliyokufa. Kenya wanalijua hili vizuri. Sheria ya vileo ya 2010, ile iitwayo ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, imeandika saa 11 jioni hadi saa 5 usiku kwa baa siku za kazi. Kila msako mpya unapotangazwa, kwanza fungua sheria uone kama kuna kipya au wameamsha cha zamani. Kama ni cha zamani, kelele zako za "hatukushirikishwa" hazitakufikisha mbali. Peleka hoja ya kurekebisha sheria yenyewe. Na saa ambayo kila mtu anaivunja ina ubaya mmoja ninaoujua kwa mkono wangu: inageuka kuwa bidhaa, na anayeiuza ndiye anayepita usiku na tochi.

Takwimu utakazorushiwa

Nitakuwa mkweli na wenye baa watanichukia kidogo. Saa zina athari. Utafiti wa miji 18 ya Norway, 2000 hadi 2010, ulikuta kila saa moja inayoongezwa iliambatana na ongezeko la kama asilimia 16 la mashambulizi ya usiku wa wikendi. Diadema, Brazili, iliamuru baa zifunge saa 5 usiku kuanzia Julai 2002, baada ya kugundua kwamba mauaji mengi yalikuwa yakitokea kati ya saa hiyo na alfajiri. Watafiti walikadiria mauaji karibu 9 yaliepukwa kila mwezi. Ripoti ya 2015 kuhusu Sydney ilitaja kushuka kwa mashambulizi kwa asilimia 32 Kings Cross na 26 katikati ya jiji. Mimi sikuhitaji mtafiti kuniambia kwamba ugomvi wa saa 9 usiku si ndugu wa ugomvi wa saa 4. Wa saa 4 unatenganishwa kwa maneno.

Ukienda kikaoni na kudai saa hazina uhusiano na vurugu, umeshindwa kabla ya chai. Uliza mambo haya badala yake. Vurugu zimepungua kwa kila watu 1,000 waliopita, au watu ndio wamepungua? Mtaa mtupu hauna ngumi, wala hauna teksi, wala hauna mpishi wa usiku. Je, zimehamia mtaa wa pili? Sydney baadaye zilionekana kupanda kwenye maeneo ya jirani, ingawa si kiasi cha kufuta nafuu yote. Na nani alihesabu, kabla ya amri kwa muda gani? Wiki 3 za mvua hazilingani na wiki 3 za mwisho wa mwaka.

Kama wewe ni mkazi unayetaka baa ifunge, takwimu za nchi nyingine zitakusaidia kidogo tu. Kitakachokusaidia ni daftari. Siku 30, kila usiku: tarehe, saa kwa dakika, sauti gani, kutoka wapi, iliisha lini. Na usiku wa kimya uandike pia "kimya". Mama mmoja niliyemsaidia alikuwa na mtoto mchanga na daftari lenye usiku 9 wa kimya kati ya 30, na ni hizo 9 zilizomfanya aaminiwe kwa zile 21. Tulipozisoma pamoja tukaona kelele hazikutoka baa hata kidogo. Zilitoka kwenye pikipiki zilizongoja wateja chini ya dirisha lake. Kituo kikahamishwa mita 80. Baa haikuguswa, na mtoto akalala.

Siku ya kikao

Utapewa dakika 3, pengine 2. Usisome sheria; wanayo. Sema wewe ni nani, unataka neno gani libadilishwe kwenye mstari gani, na kwa nini. Mwenye baa alete kitabu cha matukio, hata yale yanayomuaibisha, na ratiba ya basi la mwisho, kwa sababu amri inayowatoa watu dakika 10 baada ya basi kuondoka inaunda tatizo ambalo italaumu baa. Ombi linalokubalika mara nyingi ni la majaribio: miezi 6, kwa hesabu iliyokubaliwa mapema. Omba pia saa za kufunga zipishane, mtaa huu saa 6, ule saa 7, ili watu wasitoke kwa mkupuo. Na kama kuna nafasi ya kupendekeza, taja miji iliyochagua mtu wa kusimama katikati, kama Amsterdam na "meya wa usiku" wake. Hana amri juu ya mtu. Kazi yake ni kuwa na namba za simu za pande zote mbili.

Mlete mhudumu azungumze. Kila mtu husahau kwamba baa ikifunga saa 6, yeye anaachiliwa saa 7 na nusu, baada ya kudeki na kuhesabu mauzo, na anatembea kwenda nyumbani kupitia mtaa ambao amri imeutoa watu wote. Nimeitembea njia hiyo. Sikuwa nikiogopa walevi. Nilikuwa nikiogopa kutokuwepo kwa mtu yeyote.

Ukishindwa na saa ikapita, itekeleze vizuri. Dakika 45 kabla, punguza muziki hatua moja. Dakika 30, tangaza kinywaji cha mwisho, mara moja, kwa sauti ya kawaida. Dakika 15, washa taa nusu. Usiziwashe zote, watu wakiona sura zao ghafla hukasirika. Maji ya kunywa yatolewe bure mlangoni. Kisha hesabu watu, si glasi, na uandike saa mtu wa mwisho alipotoka, kwa wino.

Na ukinitumia amri yako nikusomee, piga picha ukurasa wote, na upande wa nyuma pia. Ile yetu ilikuwa na upande wa nyuma. Niliugundua miezi 8 baadaye nilipokuwa nikibandua orodha ya vinywaji ili tuweke mpya. Chini ya gundi kulikuwa na aya nzima iliyosema kwamba mwenye leseni asiyeridhika anaweza kukata rufaa ndani ya siku 14.